MTUMWA ALIYEJENGA SHULE: MAISHA YA BOOKER T. WASHINGTON (1856–1915)





Vijana wengi wa parokia zetu wana jambo kubwa moyoni. Huyu anataka kuwa mwalimu, yule anataka kuwa fundi wa magari, na binti fulani anataka kufungua atelie yake ya kushona. Ni vizuri. Lakini ukiwauliza wataanza lini, jibu ni moja tu: siku makuta yatakapopatikana. Kiisha mwaka unapita, na mwingine tena, na jambo lile linabaki moyoni mpaka linakufa. Wazazi nao wanahuzunika kuona watoto wanakaa bure.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaletea safari hii maisha ya mtu mweusi mmoja wa Marekani, Booker T. Washington. Alizaliwa mtumwa, bila kitu mkononi, na alipokufa aliacha shule kubwa iliyojulikana katika nchi nyingi. Mtu huyu hakungoja siku ya makuta. Tusome polepole, tuone alianzia wapi.

UTOTO WAKE

Booker alizaliwa mwaka 1856 katika shamba la mzungu aliyeitwa Burroughs, katika jimbo la Virginia. Mama yake, Jane, alikuwa mpishi wa shamba lile. Baba yake alikuwa mzungu, lakini mtoto hakumjua hata kwa jina. Nyumba yao ndiyo ilikuwa jiko la shamba. Haikuwa na kioo dirishani wala sakafu, ila udongo mtupu, na watoto walilala juu ya matambara. Familia haikuzoea kukaa mezani na kula pamoja. Kila mmoja alikula kile alichopata, fasi alipokipatia.

Watumwa walivalishwa mashati ya katani ngumu. Shati likiwa jipya, lilichoma ngozi kama miiba. Kaka yake, John, alimhurumia, akawa analivaa yeye kwanza shati jipya la mdogo wake kwa siku kadhaa, mpaka lilainike. Booker hakusahau upendo huo maisha yake yote.

Mara kwa mara alitumwa kumbebea vitabu binti wa bwana wake mpaka mlangoni mwa shule. Mtumwa hakuwa na ruhusa ya kuingia. Alisimama nje, akatazama watoto wakisoma ndani, akaona kwamba kuingia humo ni kama kuingia paradiso. Hapo ndipo lengo lake lilipozaliwa: kujua kusoma. Wakati ule hakuona mbali kuliko hapo.

Mwaka 1865 vita vya Marekani vilikwisha na watumwa wakapata uhuru. Mama Jane akachukua watoto wake, wakasafiri siku nyingi, sehemu kubwa kwa miguu, mpaka Malden katika jimbo la West Virginia, kwa baba yao wa kambo. Kule kulikuwa na viwanda vya chumvi. Booker, akiwa mtoto mdogo, alitiwa kazini kabla ya jua kuchomoza. Mapipa ya baba yake wa kambo yalitiwa alama ya namba 18. Kila jioni kapita alipita akiandika namba ile. Mtoto akaishika kwa macho, akajifunza kuiandika, ingawa hakujua herufi hata moja. Hiyo 18 ndiyo somo lake la kwanza.

Mama yake, ambaye mwenyewe hakujua kusoma, alijitahidi akampatia kitabu cha herufi. Shule ilipofunguliwa kwa watu weusi, baba wa kambo alikataa, kwa sababu mshahara wa mtoto ulihitajiwa nyumbani. Booker akasoma usiku. Kiisha wakapatana: atafanya kazi tangu alfajiri mpaka saa tatu ya asubuhi, aende shule, na akitoka shule arudi kazini tena. Siku ya kwanza mwalimu alipoita majina, aliona wenzake wote wana majina mawili. Yeye alikuwa na moja tu. Zamu yake ilipofika akajiita Booker Washington, na jina hilo likabaki.

NJIA YA HAMPTON

Baadaye alifanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe. Siku moja, gizani chini ya ardhi, alisikia wachimbaji wawili wakizungumza juu ya shule ya Hampton, huko Virginia, ambapo kijana mweusi asiye na fedha aliweza kulipia masomo kwa kazi ya mikono. Akasogea karibu asipoteze neno. Hakujua Hampton iko upande gani wala ni mbali kiasi gani, lakini tangu saa ile alijua anakokwenda.

Hakuondoka palepale. Kwanza alitoka mgodini akaenda kutumika katika nyumba ya mama mmoja mzungu, Bibi Viola Ruffner, kwa dola 5 kwa mwezi. Mama huyu alikuwa mkali. Wavulana wengine walimkimbia baada ya wiki mbili au tatu. Alitaka kila kitu kiwe safi, kila kazi ifanywe kwa saa yake, na uongo hakuupenda hata kidogo. Booker alianza akimwogopa, akaishia kumheshimu kama mwalimu. Alijifunza kwake kufagia vizuri. Mtu angesema, kufagia ni kitu gani? Tutaona.

Mwaka 1872, akiwa na miaka 16 hivi, alifunga safari. Kutoka Malden mpaka Hampton ni karibu kilometa 800. Watu wazima waliokuwa watumwa walimpa kila mmoja kidogo alichokuwa nacho, huyu sarafu, yule kitambaa cha mkono. Mama yake alikuwa mgonjwa, na waliagana kwa machozi. Njiani fedha zikakwisha. Kuna hoteli iliyomkataa usiku wa baridi kwa sababu ya rangi yake, akatembea usiku kucha ili apate joto.

Alipofika mji wa Richmond hakuwa na senti hata moja, na mbele yake zilibaki kilometa 130 hivi, zaidi kidogo ya njia ya Lubumbashi mpaka Likasi. Alijificha chini ya mbao za kando ya barabara, akalala chini na kifurushi chake kuwa mto, huku akisikia miguu ya watu juu ya kichwa chake. Asubuhi aliona meli inayoshusha vyuma, akaomba kazi, akapata chakula. Akaendelea kupakua vyuma siku kadhaa, akilala palepale chini ya mbao ili asitumie akiba yake.

Alifika Hampton akiwa na senti 50, nguo chafu, na njaa. Mwalimu mkuu wa kike, Mary Mackie, alimtazama kwa mashaka. Hakumkataa, lakini hakumpokea. Wengine walipokelewa, yeye akaachwa kungoja. Mwishoni akaambiwa achukue ufagio akafagie chumba cha masomo kilicho jirani.

Wapendwa, hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Kijana huyu alitembea mamia ya kilometa kutafuta kitabu, na akapewa ufagio. Wengine wangekasirika, wangesema wamedharauliwa. Booker alifurahi, maana kazi hiyo aliijua. Alifagia chumba mara tatu. Akakipangusa vumbi mara nne, mbao za ukuta, mabenchi, meza. Akasogeza kila kitu na kusafisha kila pembe. Mwalimu akaja, akapitisha kitambaa chake cheupe juu ya mbao na mabenchi, hakuona vumbi. Booker akapokelewa shuleni, na zaidi ya hayo akapewa kazi ya kutunza majengo, ambayo ililipia chakula na malazi yake. Ule ulikuwa mtihani wake wa kuingia.

Alisoma miaka mitatu. Kila alfajiri aliwasha moto katika vyumba na kufagia, kiisha akaingia darasani. Katika miaka hiyo mama yake alifariki, jambo lililomuumiza sana. Alimaliza mwaka 1875, akarudi Malden kuwa mwalimu, akifundisha watoto mchana na watu wazima usiku. Lengo la kwanza lilikuwa limetimia, na hapo lengo lingine likamzaa upya: wale walioachwa nyuma wapate nao.

TUSKEGEE

Mwaka 1881, katika mji mdogo wa Tuskegee, jimbo la Alabama, watu walitaka shule ya kutengeneza walimu weusi. Aliyelisukuma jambo hilo alikuwa Lewis Adams, fundi aliyezaliwa mtumwa. Serikali ya jimbo ikakubali kutoa dola 2,000 kwa mwaka kwa mishahara. Generali Armstrong, mwanzilishi wa Hampton, aliombwa atafute mkubwa wa shule. Waliomwandikia walifikiri atapeleka mzungu. Akamtaja Booker Washington, aliyekuwa na miaka 25.

Booker alipofika alitafuta shule, hakuiona. Mishahara ilikuwapo kwenye karatasi, lakini kiwanja hakikuwapo, nyumba haikuwapo, hata ubao haukuwapo. Alianza kwa kuzunguka vijijini karibu mwezi mmoja, akilala na kula pamoja na watu ili ajue shida yao. Aliona mengi. Aliona nyumba ambamo watu wanne walikula kwa uma moja, lakini pembeni kulikuwa na kinanda cha dola 60 walichokuwa wakikilipa kidogokidogo. Aliona saa za bei kali ambazo hazikuonyesha saa sahihi. Aliona kijana mmoja amekaa katika chumba kichafu, nguo zimejaa mafuta, magugu yamejaa uani, naye anasoma sarufi ya Kifaransa. Booker hakuchukia Kifaransa. Alihuzunika kwa sababu kijana alishika mwisho wa kamba na kuuacha mwanzo.

Tarehe 4 Julai 1881 alifungua shule na wanafunzi 30 katika kibanda karibu na kanisa la Wametodisti. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja aliacha kitabu na kumshikia mwalimu mwavuli ili masomo yaendelee.

Kisha wakapata shamba la zamani la eka 100, ambalo nyumba yake kubwa ilikuwa imeungua. Bei ilikuwa dola 500, nusu ilipwe mara moja. Booker aliandika kwa mtunza fedha wa Hampton, naye akamkopesha dola 250 za mfukoni mwake mwenyewe. Zizi la farasi na nyumba ya kuku vikasafishwa vikawa madarasa. Alipowaambia wanafunzi walime, hawakupenda. Waliona wamekuja shule ili wakimbie jembe. Hakuwahutubia sana. Alichukua shoka, akatangulia porini kila siku baada ya masomo. Walipoona mwalimu mwenyewe anakata miti, wakamfuata.

Mwalimu mwenzake, Olivia Davidson, ambaye baadaye akawa mke wake, alizunguka kuomba michango, na watu weusi na weupe wakatoa. Siku moja akaja bibi mmoja wa miaka 70 hivi, aliyekuwa mtumwa, amevaa matambara lakini safi, akitembea kwa fimbo. Hakuwa na fedha. Alileta mayai 6 aliyoyaweka akiba, akaomba yaingie katika masomo ya watoto. Booker alipokea zawadi nyingi kubwa baadaye kutoka kwa matajiri, lakini hakuna iliyomgusa moyo kupita mayai yale. Sisi tunaojua nsinsani, tunaelewa bibi yule alifanya nini.

MATANURU YALIYOANGUKA

Shule ilihitaji majengo, na mjini hakukuwa na tanuru la matofali. Booker akaamua wanafunzi wafyatue wenyewe. Anayejua kazi hii hapa kwetu anajua kwamba si mchezo. Walisimama katika matope mpaka magotini saa nyingi, na wengine wakaacha shule kwa sababu hiyo. Walijaribu fasi kadhaa kabla ya kupata udongo mzuri. Wakafyatua matofali 25,000, wakapanga tanuru, wakachoma. Likaharibika, kwa sababu halikupangwa vizuri. La pili likaharibika vilevile. La tatu lilionekana linakwenda vema, lakini saa chache kabla ya kukamilika, usiku wa manane, likaanguka.

Fedha zilikuwa zimekwisha, na walimu wengi walimshauri aache. Booker alikuwa na saa ya mfukoni. Akaenda nayo mpaka mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi na zile dola 15 kuanza tanuru la nne. La nne likawaka vizuri, matofali yakatoka mazima. Saa yenyewe haikurudi, maana muda wa kuikomboa ulipita. Hakujuta.

Kutoka tanuru lile kukatoka shule. Hata wazungu wa jirani, waliokuwa na wasiwasi juu ya shule ya watu weusi, wakaanza kuja kununua matofali kwa sababu yalikuwa mazuri. Miaka 19 ya kwanza yalisimama majengo 40, na karibu yote yalijengwa na wanafunzi wenyewe, waliojifunza kwayo uashi, useremala na upakaji rangi.

MANENO NA MASHAKA

Hatutaki kumfanya malaika. Tarehe 18 Septemba 1895, mjini Atlanta, alitoa hotuba iliyomtangaza nchi nzima. Humo alishauri watu weusi watangulize kazi, ufundi na mali, na kuacha kwanza kupigania haki ya kukaa sawa na wazungu. Wengi walimsifu, lakini msomi mweusi W. E. B. Du Bois, katika mwaka 1903, alimpinga kwa kitabu, akiona kwamba mtu asiye na haki ya kupiga kura hawezi kulinda hata mali aliyoipata. Na kweli, miaka ile sheria za ubaguzi ziliongezeka. Baadaye ilijulikana kwamba Booker alikuwa akilipa kwa siri gharama za kesi mahakamani za kudai haki hiyo hiyo ya kura. Kila mmoja apime. Sisi tunajifunza hapa kwamba hata lengo jema lina upande ambao halifiki, na wengine huitwa kukamilisha.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi Wakongo. Wakati watu wetu walipokatwa mikono na kuchomewa vijiji kwa ajili ya mpira chini ya mfalme Leopold II, mtu mweusi aliyesoma Hampton, mmisionari William Sheppard, alikuwa Kasai, katika misheni ya Luebo, na alikuwa mmoja wa walioyatangaza mateso hayo. Mwaka 1904 Booker Washington aliandika gazetini juu ya ukatili wa Kongo, akawa mmoja wa makamu wa rais wa chama cha Marekani kilichodai mabadiliko katika Kongo. Mtoto wa mtumwa alikumbuka kwamba kuna wengine bado utumwani.

MWISHO WAKE

Mwaka 1915 aliugua sana akiwa New York. Waganga walipomwambia hali yake, aliomba arudishwe Kusini, ili afie kwake. Alifariki Tuskegee tarehe 14 Novemba 1915, akiwa na miaka 59. Palipokuwa na kibanda kinachovuja, aliacha majengo zaidi ya 100 na wanafunzi zaidi ya 1,500. Na ule mpango alioanza na tajiri Julius Rosenwald, wa kujenga shule za watoto weusi vijijini, uliendelea baada yake mpaka zikafika karibu 5,000. Ulikuwa mwaka uleule 1915 ambao Papa Simon Kimbangu alibatizwa.

TUNACHOKISHIKA

Bwana wetu alifundisha, katika Luka 14:28, kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Wengi wetu tunalisoma neno hilo kana kwamba linatuambia tungoje. Maisha ya Booker yanatuonyesha namna nyingine ya kuhesabu: kuangalia nilicho nacho leo, na kukitoa. Siku ya kwanza alikuwa na namba 18. Siku nyingine alikuwa na ufagio. Siku nyingine alikuwa na shoka, na mwishoni saa ya mfukoni. Hakuna siku ambayo alikuwa na fedha za kutosha, na hakuna siku ambayo hakuwa na kitu cha kufanya.

Hayo si mageni kwetu. Papa Simon Kimbangu alihukumiwa tarehe 3 Oktoba 1921, akafungwa miaka 30 katika gereza la Elisabethville, leo Lubumbashi, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Katika wakati huo wote Mama Marie Muilu hakuwa na hekalu, wala ruhusa, wala fedha. Alifanya kila siku kile kilichowezekana siku ile: kutia moyo waamini, kuwaombea, kuwashika pamoja kwa siri. Alifariki mwaka 1959, na mwaka uleule, tarehe 24 Desemba, Kanisa likatambuliwa na serikali. Hekalu la Nkamba, lililozinduliwa mwaka 1981, nalo lilijengwa kwa mikono na sadaka za waamini. Upendo, Amri na Kazi: neno la tatu halikuwekwa pale kwa bahati.

Basi wewe kijana unayetaka kushona, leo kuna mama jirani mwenye cherehani, nenda umfagilie atelie na utazame mikono yake. Wewe unayetaka kuwa mwalimu, kuna watoto katika kiwanja chenu wasiojua herufi. Wewe uliyeanza biashara ikaanguka mara ya tatu, kumbuka tanuru la nne. Na ninyi wazazi, msipokuwa na fedha za kumpa mtoto, mpeni kitabu kimoja kama Mama Jane, mpeni saa moja ya kusoma kabla ya kumtuma sokoni. Na sisi wazee wa Kanisa, kijana akija na nguo chafu akiomba nafasi, tusimfukuze. Tumpe ufagio, kiisha twende tukaangalie alivyofagia.

Mungu wa Baba zetu aibariki kazi ya mikono yenu, sasa na siku zote. Amina.